Kondoo Wasio na Sufu, Mji Uliovaa Sufu

Siku ya mahafali yangu ya uzamili nilipigwa picha nyingi kuliko nilizowahi kupigwa maishani. Joho jeusi, kofia ya pembe nne, jua la saa saba, jasho mpaka kwenye soksi. Bibi yangu alikuwa amesafiri kutoka Tabora kuja kunishuhudia. Wakati shangazi zangu wanapiga vigelegele, yeye alinivuta kando, akashika ukingo wa joho langu kwa vidole viwili na kulisugua kama anayekagua kanga dukani.

"Mjukuu wangu, hili si joho."

Nikacheka. Nikamwambia ni kweli, limekodishwa, kesho linarudi.

"Sijasema habari ya kukodi. Nasema si joho. Joho halina pindo."

Nyumbani jioni nikamwomba anieleze. Akasema babu yake alikuwa na kipande cha joho jekundu, akikihifadhi ndani ya kilindo, yaani lile sanduku la magome ya mti. Alikirithi kwa baba yake, aliyekuwa mpagazi wa misafara. Ukoo ulipogawana mali, kipande kile kilikatwa kwa kisu, kila mtu na chake. Hakuna aliyetafuta sindano wala uzi. Miaka ikapita, na kile kipande kilichobaki kwao hakikufumuka hata uzi mmoja.

Sasa wewe msomaji jaribu: chukua shuka lako la kitandani, likate katikati, lifue mara tatu. Utakusanya nyuzi mpaka uchoke. Inakuwaje basi nguo ikatwe kwa kisu, isishonwe pindo, na isifumuke? Nilidhani ni chumvi za wazee tu. Nilipoanza kufuatilia, nikajikuta nazungumza na wataalamu wa mifugo, nasoma kumbukumbu za wasafiri wa karne ya 19, na nachemsha maji ya sabuni jikoni kwangu usiku. Makala haya ni matokeo ya swali hilo moja.

Siri iko kwenye magamba

Tuanze na unywele mmoja wa sufu. (Sufu, si sufi. Sufi hutoka kwenye mti wa msufi na tunajazia mito. Sufu hutoka kwa kondoo.) Ukiuweka chini ya hadubini, utaona uso wake si laini. Umefunikwa magamba madogo yaliyopangana kama vigae vya paa, na yote yanaelekea upande mmoja, kwenye ncha. Pitisha kidole kutoka kwenye shina kwenda kwenye ncha, kinateleza. Rudisha kinyume, kinakwama.

Sasa chukua nywele hizo maelfu kwa maelfu, ziloweshe maji ya moto yenye sabuni, halafu uzisugue. Maji na joto huzifanya zilainike na kujipinda kwa urahisi. Sabuni hufanya mambo mawili: inaziwezesha kuteleza, na kwa sababu ina asili ya nyongo kidogo, yaani si tindikali, inafanya magamba yanyanyuke. Kila unaposugua, unywele unasogea, lakini unaweza kusogea upande mmoja tu, kwa kutangulia shina. Hauwezi kurudi ulikotoka kwa sababu magamba yanashika kwa jirani zake. Kila msuguo unaukaza zaidi. Mwisho wake unapata kitu kimoja kizito ambacho hakijafumwa wala kusokotwa. Wataalamu wa nguo wanakiita felti.

Ukikata felti kwa kisu, hakuna uzi wa kuchomoka, kwa sababu hakuna uzi. Bibi alikuwa sahihi.

Ni ufundi wa kale sana. Katika makaburi ya Pazyryk, kwenye milima ya Altai huko Siberia, waakiolojia walikuta mapambo ya felti yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, likiwemo umbo la ndege aina ya bata maji, yakiwa yamehifadhiwa na barafu. Wafugaji wa nyika zile walilala ndani ya mahema ya felti, wakavaa felti, wakatandika farasi wao kwa felti. Hawakuhitaji kitanda cha mfumi. Walihitaji kondoo, maji na mikono.

Nikajiambia: Tabora kondoo wapo, maji yapo, mikono ninayo. Kwa nini kwetu ufundi huu haukuwepo?

Jaribio la jikoni

Nilikwenda Tabora likizo, nikaomba kwa jirani wa Bibi manyoya ya kondoo. Alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Kondoo huchinjwa, ngozi hutandikwa, manyoya nani anayataka? Tukamkwangua kondoo mmoja mvumilivu kwa wembe na kupata nusu mfuko.

Nyumbani nikayafua, nikayatandaza tabaka kwa tabaka juu ya mkeka, kila tabaka likikatiza lililo chini yake. Nikafunika kwa kipande cha chandarua kuukuu ili manyoya yasisambae, nikamwagia maji ya moto yenye sabuni ya mche iliyokunwa, nikasugua. Nusu saa. Saa nzima. Nikavingirisha mkeka na kuusukuma mbele na nyuma kama anayekanda unga wa chapati. Baada ya saa mbili nikafunua. Kilichokuwemo ni manyoya yaliyolowa. Nikapuliza, yakatawanyika.

Miezi michache baadaye, mwanafunzi mwenzangu kutoka Kenya aliniletea kifurushi cha manyoya mabichi ya kondoo aina ya Corriedale, kutoka nyanda za juu za huko. Yalinuka zizi na yalikuwa na mafuta mpaka vidole vinateleza. Nikachambua na kutupa sehemu zenye samadi. Nikayaloweka kwenye maji ya moto bila kuyakoroga, maana ukikoroga hapo yanaanza kushikana kabla ya wakati wake. Nikayatoa, nikabadilisha maji, nikarudia mpaka maji yakatoka meupe. Nikayakausha kivulini, kisha nikayachambua kwa vidole mpaka yakawa kama wingu.

Halafu nikafuata hatua zilezile: mkeka uleule, chandarua kilekile, sabuni ileile. Safari hii nilikata kigezo cha kofia kutoka kwenye nailoni nene, kikubwa kuliko kichwa changu kwa karibu theluthi moja, kwa sababu felti husinyaa inapokaza. Nikakizungushia manyoya pande zote mbili. Baada ya dakika arobaini nilipofinya kwa vidole viwili, tabaka zima lilinyanyuka kwa pamoja. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Nikakata upande mmoja, nikatoa kigezo, nikaendelea kusugua nikiivaa kwenye bakuli. Leo ninayo kofia, imepinda kidogo upande wa kushoto, lakini ni kofia. Haina uzi wala mshono.

Tofauti, basi, haikuwa mikono. Ilikuwa kondoo.

Kondoo wetu ni kondoo wa aina gani?

Afrika haikuwa na kondoo wa mwitu ambao kondoo wa kufugwa wangeweza kutoka kwao. Kondoo walifugwa kwanza kusini magharibi mwa Asia, kama miaka 10,000 iliyopita, kisha wakaingia barani kupitia kaskazini na Pembe ya Afrika. Kondoo wale wa mwanzo hawakuwa na lile zulia jeupe tunaloliona kwenye picha za Australia. Walikuwa na nywele ngumu za nje, na chini yake sufu fupi ya kuzuia baridi. Wafugaji wa baadaye, huko Asia na Ulaya, ndio waliochagua kizazi baada ya kizazi wanyama wenye sufu nyingi na nywele ngumu chache.

Waliokuja huku kwetu walipita njia nyingine. Katika joto letu, zulia la sufu ni mzigo. Linabeba kupe, linashika miiba, linampandisha mnyama joto. Wafugaji wa Afrika Mashariki walichagua nyama, mafuta ya mkia, ustahimilivu wa ukame na magonjwa. Kondoo wa Tabora ana mkia mrefu na nywele fupi zilizonyooka. Unywele wa namna hiyo ni mnene, mara nyingi hupita mikroni 50, wakati sufu ya Merino iko chini ya mikroni 24. Aghalabu una uwazi katikati kama bua, ni mgumu, hauna mawimbi, na magamba yake yamelala. Unaweza kuusugua mpaka kesho asubuhi. Hautashikana.

Ni rahisi kusoma hayo ukahitimisha kwamba kondoo wetu ni "duni". Wako waliofanya hivyo zamani. Lord Delamere, mlowezi maarufu wa Kenya, aliingiza kondoo wa Merino katika shamba lake la Njoro mwanzoni mwa karne ya 20. Wengi wao walikufa kwa magonjwa na kwa upungufu wa madini kwenye malisho. Wakati huohuo kondoo wa kienyeji walikuwa wakila majani na kuzaa.

Tuna mfano hai leo. Kondoo Mwekundu wa Kimasai, mwenye nywele na mkia wa mafuta, anajulikana na watafiti dunia nzima kwa uwezo wake wa kuhimili minyoo ya tumboni, hasa ule mnyoo hatari unaofyonza damu uitwao Haemonchus contortus. Ni uwezo ambao kondoo wengi wa kigeni hawana. Lakini tangu miaka ya 1970 amekuwa akichanganywa kwa wingi na Dorper, aina iliyotengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930, kwa sababu Dorper hukua haraka na ana nyama nyingi. Matokeo yake, Mwekundu halisi anazidi kuwa adimu. Alipimwa kwa kipimo cha mtu mwingine, akaonekana pungufu. Kumbuka sentensi hiyo, tutairudia.

Sufu inakuja kwa miguu

Kama kondoo wa Tabora hawatoi felti, lile joho jekundu la kwenye kilindo lilitoka wapi? Lilitembea.

Katikati ya karne ya 19, Tabora, ambayo wasafiri wa wakati huo waliiita Kaze au Unyanyembe, ilikuwa njia panda ya bara. Kutoka pwani misafara ilipita Mpwapwa, ikavuka Ugogo, ikafika Unyanyembe. Kutoka hapo njia moja ilikwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakafika Kaze tarehe 7 Novemba, zaidi ya miezi minne ya kutembea. Waliobeba kila kitu katika njia ile walikuwa wapagazi, na wengi na hodari kuliko wote walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, begani, siku baada ya siku.

Ndani ya mizigo hiyo, wakati wa kupanda kutoka pwani, kulikuwa na nini hasa? Nguo. Nguo ilikuwa fedha ya njia. Ilihesabiwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti. Kwa doti ulinunua chakula, ulilipa hongo kwa watemi wa Ugogo, ulilipa ujira. Nguo iliyoenea kuliko zote ilikuwa merikani, pamba isiyopaushwa kutoka viwanda vya Marekani, iliyoletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa mji wa Salem. Nyingine ilikuwa kaniki ya India, iliyotiwa nili. Juu ya hizo zilikuwapo nguo za heshima zenye mistari na darizi kutoka Oman na India.

Na juu kabisa, joho. Burton aliorodhesha nguo za biashara ya bara moja baada ya nyingine, na joho limo: kitambaa cha sufu kutoka Ulaya, chekundu au cha buluu, zawadi ya watemi na wakubwa. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, na pwani lilikuwa pia jina la vazi refu la wazi ambalo masultani na waungwana walilivaa juu ya kanzu.

Hapa ndipo sayansi ya jikoni inapokutana na historia. Joho la Ulaya halikuwa felti moja kwa moja. Lilifumwa kwanza kwa nyuzi za sufu, likiwa pana na legelege. Kisha likaloweshwa kwa maji, sabuni au udongo maalumu wa kunyonya mafuta, na kugongwa. Zamani za Warumi watu walilikanyaga kwa miguu ndani ya mabeseni, wakitumia mkojo uliochacha badala ya sabuni. Kuanzia Zama za Kati kazi hiyo ilifanywa na nyundo kubwa za mbao zilizoendeshwa na maji ya mto. Kitambaa kilisinyaa kwa theluthi nzima au zaidi, nyuzi zikashikana mpaka ufumaji wenyewe usionekane. Wakaukwangua uso kwa vichwa vya mmea wenye miiba, wakaunyoa uwe laini. Matokeo yake ni nguo nzito inayozuia mvua, ambayo ukiikata haifumuki.

Yaani babu wa bibi yangu alikuwa na kipande cha sufu iliyosindikwa kwa kanuni ileile niliyoitumia kwenye mkeka wangu. Na rangi yake? Kwa karne kadhaa, wekundu bora wa Ulaya ulitolewa kwenye vidudu vidogo vya kochinili vinavyokaa kwenye mpungate huko Mexico. Fikiria safari hiyo: mdudu wa Mexico, kondoo wa Ulaya, dau la Zanzibar, bega la Mnyamwezi.

Kofia iliyochukua mji

Joho lilikuwa la wachache. Sufu ya pili iliyoingia Tabora ilikuja juu ya vichwa vya askari.

Tarbushi, ile kofia nyekundu isiyo na ukingo, ni felti inayovaliwa. Huko Tunis, ambako ufundi wake ni wa kale, wanawake husuka kofia kubwa ya sufu iliyo legelege kama soksi ya jitu. Kisha hupelekwa kushindiliwa kwa maji ya moto na sabuni mpaka inasinyaa na kukaza, inachanwa kwa miiba, inatiwa rangi. Katika karne ya 19 mji wa Strakonice, katika nchi ya Wacheki ya leo, ulizitengeneza kwa wingi kwa ajili ya dola la Waturuki.

Hermann von Wissmann alipounda jeshi lake mwaka 1889 kupambana na watu wa pwani, alileta Wasudani walioandikishwa Misri, na tarbushi likaja nao. Baadaye askari wa Kijerumani walivaa kofia ya umbo hilohilo iliyofunikwa kaki, na nembo ya tai mbele. Askari wa Uingereza wa King's African Rifles nao walikuwa na tarbushi kwa gwaride. Tarehe 19 Septemba 1916, baada ya siku kadhaa za mapigano, jeshi la Kibelgiji kutoka Kongo liliingia Tabora, na tarbushi jekundu lilikuwa alama ya askari wake. Mji ambao kondoo wake hawatoi hata uzi mmoja wa sufu ulikuwa umebadilishana wakubwa, na pande zote kofia ziliiga umbo la felti.

Vita hivyo vilifichua jambo jingine. Bandari zilipofungwa na manowari za Waingereza, nguo za nje zilikatika, na Wajerumani wakalazimika kuhimiza watu wasokote pamba na kufuma. Hapa usikosee: ufumaji haukuwa mgeni. Burton aliuona Unyamwezi mwaka 1857, mafundi wakifuma pamba yao wenyewe. Ufipa nako kulisifika kwa ufumaji. Ni merikani iliyokuja kwa bei ndogo, ikisukumwa na mashine, ndiyo iliyowaua wafumi wale polepole.

Nguo nyingine isiyofumuka

Nilirudi kwa Bibi na matokeo yangu. Nilimvalisha kofia yangu iliyopinda, nikamweleza magamba, nyundo za mito, vidudu vya Mexico. Alisikiliza vizuri. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtu mlangoni:

"Lakini ipo nyingine. Nayo ukiikata haifumuki."

"Ipi, Bibi?"

"Ile ya magome."

Alikuwa anaona aibu. Mimi nilikuwa nimezunguka Siberia na Tunis kutafuta nguo isiyofumwa, nikapita kando ya ile iliyokuwa mlangoni kwetu.

Nguo ya gome Unyamwezi ilitengenezwa kwa ganda la ndani la miti ya jamii ya miombo, mistu hiyohiyo inayotupa asali ya Tabora na mizinga ya magome. Buganda walitumia mtuba, na ufundi wao bado unaishi: UNESCO iliutambua mwaka 2005. Huko, gome huvuliwa msimu wa mvua, hukwanguliwa ngozi ya nje, hulainishwa kwa joto na unyevu, kisha hugongwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kutoka mifereji mikubwa hadi midogo. Gome linatanuka mara kadhaa ya upana wake na kuwa laini. Mti hufungwa kwa majani ya mgomba ili usikauke, na gome jipya huota. Mti mmoja huweza kuvuliwa miaka mingi.

Angalia ufanano: unyevu, joto, kugonga, na mwisho wake nguo isiyo na uzi. Tofauti iko kwenye muundo. Sufu huanza ikiwa nywele zilizotawanyika, nasi tunazishikanisha. Gome tayari ni wavu wa nyuzi zilizoshikana na mti wenyewe, nasi tunautanua. Felti husinyaa ikigongwa, gome hupanuka. Kwa fundi, hizi ni akili mbili za kutatua tatizo moja.

Lakini barabarani hazikuwa sawa. Katika uchumi ambao nguo ni fedha, anayevaa gome anatangaza kwamba hana fedha. Wasafiri waliandika kwamba maskini wa bara walivaa ngozi na magome, wenye uwezo walivaa merikani. Pwani walikuwa na neno "washenzi", na nguo ilikuwa njia ya haraka ya kuona nani ni nani. Kizazi baada ya kizazi, ufundi uligeuka kuwa aibu. Mpaka leo tunasikia watu wakisema wazee wetu "walikuwa uchi", na wanaosema hivyo ni wajukuu wa watu waliovaa.

Kuna kisa kimoja cha njia hii ambacho sasa nakisoma tofauti. David Livingstone alipofariki Mei 1873 katika Zambia ya leo, wafuasi wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, walikausha mwili wake, wakauzungushia kaliko na kuufunga ndani ya gome la mti lililovuliwa zima kama bomba. Wakaubeba mpaka Unyanyembe. Huko Kwihara, Luteni Cameron aliwashauri wauzike, wakakataa. Mbele kidogo, walipoambiwa kwamba vijiji vya njiani havitaruhusu maiti kupita, walitengeneza maiti ya uongo kwa mabua na kujifanya wanairudisha Unyanyembe, kana kwamba wamekubali kushindwa. Maiti ya kweli wakaitoa kwenye gome, wakaifunga upya kama robota la kawaida la nguo za biashara. Ikapita mpaka Bagamoyo, Februari 1874, bila kuulizwa.

Gome lilimhifadhi zaidi ya nusu ya njia. Nguo ilimpitisha, kwa sababu katika barabara ile hakuna aliyeshangaa kuona mzigo wa nguo. Kila kitabu cha shule kinakumbuka kaburi la London. Gome ni wachache tunaolitaja, ingawa kwa watu wale lilikuwa kifaa cha kuaminika kuliko vyote walivyokuwa navyo.

Kipimo cha nani?

Nilikwambia ukumbuke ile sentensi. Kondoo Mwekundu alipimwa kwa sufu na nyama ya kondoo wengine, akaonekana pungufu, na sasa watafiti wanakimbizana kuokoa kinga yake kabla haijaisha. Nguo ya gome ilipimwa kwa doti, ikaonekana umaskini, na leo wabunifu wa Kampala wanaiuza kama malighafi ya pekee inayotoka kwenye mti ambao haukatwi. Katika hali zote mbili kilichopotea si mnyama wala nguo tu. Ni maarifa ya mtu aliyejua achague dume lipi, au avue gome mwezi gani na agonge mpaka lini. Maarifa hayo hayakai maktaba. Yanakaa mikononi, na mikono inazeeka.

Nilimwuliza Bibi kama anajua lilivyotengenezwa. Akasema yeye mwenyewe hakuwahi kutengeneza, aliona tu akiwa mtoto, kipande kimoja, kimekunjwa kwenye kilindo kilekile pamoja na joho. Juu joho, chini gome. Wageni wakija walionyeshwa la juu.

"Na la chini?"

"La chini lilikuwa la kufungia la juu, lisiliwe na nondo."

Nondo hula sufu. Gome hawaligusi. Hilo nalo mtu alilijua.